Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara: Kutegemea si kuridhia

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MAANDAMANO YA KUPINGA PENGO LA KIPATO NA UTEGEMEZI WA WALAJI KWA MAKAMPUNI

Kila yanapozuka maandamano ya kupinga pengo kati ya walio nacho na wasio nacho, hutolewa jibu moja ambalo nimelisikia hata kutoka katika ofisi za umma: kwamba hao wanaoyalaani makampuni makubwa wameitana kwa simu zilizoundwa na makampuni hayo, na jioni watarudi nyumbani kulipa ankara zake. Ninakuandikia kwa sababu jibu hilo, ingawa lina chembe ya ukweli, limekuwa likitumiwa kuiondolea wizara yako kazi ambayo ni yake.

Mfano unaopendwa na wenye dhihaka hiyo ni wa New York, ambako tarehe 17 Septemba 2011 watu waliojiita asilimia 99, yaani wote wasiomo katika ile asilimia moja ya matajiri wakubwa, walipiga kambi katika bustani ya Zuccotti, karibu na Wall Street, mtaa wa mabenki na masoko ya fedha, na picha zao wakiwa na simu na kompyuta zikasambazwa kama ushahidi wa unafiki. Kisichosemwa sana ni kwamba bustani yenyewe ilikuwa mali ya kampuni, Brookfield, tena imepewa jina la mwenyekiti wake. Waliweza kukesha hapo kwa kuwa masharti ya mipango miji yaliitaka ibaki wazi kwa umma usiku na mchana, mpaka polisi walipowaondoa usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba. Mtu anayelazimika kukanyaga ardhi ya kampuni ili apate mahali pa kuyalalamikia makampuni amekwisha kuieleza hoja yake kabla hajafungua kinywa.

Katika majira hayohayo Bank of America ilitangaza kwamba itawatoza wateja wengi dola 5 kwa mwezi kwa kutumia kadi zao za malipo. Wateja wakahimizana kuhamishia fedha zao kwenye vyama vya akiba na mikopo ifikapo tarehe 5 Novemba, na benki ikaufuta mpango huo siku 4 kabla. Hasira ilikuwepo, naam, lakini palikuwepo pia mahali pa kuhamia.

Mimi nilijaribu kuhama benki baada ya makato ya mwezi kupandishwa bila maelezo. Kuifungua akaunti kulinichukua dakika chache. Kuifunga kulinipitisha madirisha matatu. Niliambiwa nilete kwanza barua ya mwajiri, kwa kuwa mshahara wangu unapitia pale. Mwajiri naye akataka barua ya benki ya kuthibitisha kwamba sidaiwi, na benki haitoi barua hiyo kwa akaunti ambayo bado inakatwa marejesho ya mkopo. Nikaisoma upya ile fomu nikiwa nimesimama kwenye foleni: mahali pa kueleza sababu ya kufunga akaunti palikuwa na visanduku vinne, na cha nne kilikuwa kifo cha mteja. Sikuweka alama popote. Mpaka leo mshahara wangu unapita palepale, na nikiandamana kesho, yeyote anaweza kunionyesha kidole kwamba mimi ni mteja mwaminifu.

Tunaambiwa basi tususie. Weusi wa Montgomery, Alabama, huko Marekani, walisusia mabasi yaliyowabagua kwa siku 381, kuanzia Desemba 1955, lakini ujasiri pekee haumfikishi mtu kazini. Madereva wa teksi walianza kuwabeba kwa senti 10, nauli ileile ya basi, na wakuu wa mji wakawabana kwa kanuni ya nauli ya chini ya teksi. Watu walipojipanga kubebana kwa magari binafsi, polisi waliwaandama kwa faini, bima za magari zikafutwa, na mwishowe mji ukaenda mahakamani kuupiga marufuku mpango wenyewe. Maofisa wale walielewa vizuri kuliko wanaotukejeli leo kwamba atakaye kuuvunja mgomo wa walaji huanza kwa kuziba njia mbadala.

Sitaki kujitakasa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sehemu ya utegemezi wetu ni uvivu mtupu: tunabonyeza palipo rahisi, tunakubali masharti bila kuyasoma, tunalipia huduma tulizokwisha kuzisahau. Hilo ni letu. Lakini uvivu wangu haukuchora ile fomu ya visanduku vinne.

Yapo yanayowezekana. Uingereza ina utaratibu, ulioanza mwaka 2013, ambao benki mpya ndiyo humhamisha mteja, pamoja na mshahara na malipo yake ya kawaida, ndani ya siku 7 za kazi. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya masoko ya kidijitali ya mwaka 2022, unazitaka huduma kubwa za ujumbe zikubali kuunganishwa na ndogo zinapoomba, ili anayehama asiwaache ndugu zake upande wa pili. Ninaomba wizara yako ianze na mabenki: mteja asitakiwe kupeleka barua ambazo taasisi mbili zinaweza kuandikiana zenyewe, na kuondoka kusidai hatua nyingi kuliko kuingia. Makampuni ya simu na mitandao yafuate.

Ninaomba pia majibu kwa maandishi. Fomu yangu ninayo bado, na mahali pa sababu pako wazi. Nitaiwasilisha mara nitakapoelekezwa dirisha la ofisi yako linalopokea malalamiko ya aina hii.

Wako mtiifu,

Mteja mwaminifu