Kwa Mdogo Wangu wa Mistari Mitatu

Mdogo wangu,

Simu hupokei. Ujumbe unausoma, tiki za bluu naziona, na hujibu. Basi naandika hapa, maana najua huwa unapita. Shemeji yako alikuona umeipenda ile makala yangu ya mitihani ya darasa la saba. Wasomaji wengine wanisamehe, haya ni ya nyumbani.

Mama hajambo. Sukari imeshuka. Ila tangu ile ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba, Novemba 2022, taarifa ya habari haimpiti, na ikitajwa mvua yenye upepo popote nchini ananipigia mimi. Wewe rubani anaogopa kukupigia asije akakukuta hewani. Nimemweleza mara ngapi kwamba hewani simu inakuwa imezimwa. Anasema, "Si ndiyo hiyo ninayoiogopa."

Sasa kikao kile cha harusi.

Sijui wewe unakikumbuka vipi. Mimi nakumbuka mpaka soda niliyokuwa nakunywa. Jumapili ya Aprili, mvua inapiga bati la ile baa ya Sinza hadi mwenyekiti anatumia maiki kwa watu ishirini. Daftari la mweka hazina liko mbele yangu, bei ya ukumbi imepanda, na zimebaki wiki saba mdogo wetu aolewe. Mjomba ameahidi laki tano. Wale wa Tabata, laki tatu. Mwenyekiti akasema, "Sasa jamani tunapaa!" na makofi yakaanza hata hujanyanyuka. Kapteni! Kapteni! Ukasimama. Ulikuwa umelowa mabega, umetoka stendi kwa bodaboda baada ya basi la usiku kutoka Arusha, na hilo peke yake lingetosha kunifungua macho kama ningetaka kufunguliwa.

Ukasema laki moja.

Palinyamaza, ikabaki mvua. Kisha mtu wa nyuma akacheka, simtaji, unamjua. Na mimi, dada yako niliyekubeba mgongoni, nikavuta maiki nikasema, "Kapteni anatania huyu. Namwandikia milioni mbili." Watu wakashangilia. Nikaandika kweli, 2,000,000, na nikaipigia mstari chini. Hukubisha. Ulinitazama kidogo, ukakaa, ukafungua soda yako kwa meno kama ulivyokuwa ukifanya utotoni Baba akikukataza.

Ningefanyaje? Wewe hujawahi kushika daftari la harusi. Mtu anayetegemewa akishusha, wote waliobaki kwenye orodha wanashusha. Aliyepanga laki mbili anatoa hamsini, anasema kama rubani katoa laki, mimi ni nani. Nilikuwa naokoa bajeti. Na nilikuwa nakuokoa wewe na yale maneno ya nyuma. Hivyo ndivyo nilivyojiambia miezi yote, na siku nyingine bado najiambia.

Hela ukatuma, siku tatu kabla ya harusi, milioni mbili kwa mkupuo. Nikawaonyesha kamati ule ujumbe kwenye simu: si nilisema? Nilitamba nao.

Halafu Septemba nikaja Arusha kwenye semina ya walimu. Hukujua. Nilipika ndizi nyama kwa yule mwenyeji wangu, nikazitia kwenye hotipoti, nikapanda daladala mpaka uwanja wenu wa ndege wa Kisongo nikushtukize. Nilisimama nje ya uzio. Nikakuona unapakia mabegi ya wazungu, moja moja, na ile sheria yenu ya kilo 15 na begi laini, unabembeleza mama mmoja apunguze viatu. Nilidhani ndege ina wapakiaji na rubani anafika mwisho kama bwana harusi. Ukachukua kitambaa ukafuta kioo. Ukazunguka, ukainama chini ya bawa, ukaangalia magurudumu. Ukapanda, upande wa kulia, kiti cha rubani msaidizi. Na kichwani ukavaa kitu cha kijani kikuukuu, sikio moja limefungwa plasta.

Nikamuuliza kijana wa getini, mbona hedseti ya ndugu yangu imekuwa vile, yake ilikuwa nyeusi nzuri. Akasema, "Ile aliuza mwezi wa tano, mama. Walikuwa na harusi kwao."

Ile hedseti Baba aliuza ng'ombe wawili wa maziwa. Unakumbuka alivyoishika dukani Nairobi, akauliza, "Hii ndiyo inayoendesha ndege?" na muuzaji akamjibu kwa heshima kwamba bila hiyo rubani anarudi nyumbani kiziwi. Alipofariki sanduku lake tupu lilikuwa bado liko juu ya kabati lake.

Hotipoti nikamwachia kijana. Sikukusubiri urudi kutoka Seronera, huko Serengeti. Ningekuambia nini?

Mistari mitatu mabegani mwako. Siku ile ndiyo nilihesabu kwa mara ya kwanza. Kapteni ana minne. Wewe hukuwahi kujiita kapteni, ni sisi, ni mimi hasa, kwenye kadi za michango niliandika "Kapt." bila kukuuliza.

Na usiseme sikuwahi kusikia. Uliniambia, nikiwa nachambua mchele uani, ule mwaka na miezi miwili uliyokaa kwangu na leseni mfukoni. Masaa 200 ya kuruka yaliyotufilisi, kila saa moja ya ile ndege ya mafunzo, Cessna 172, pale uwanja wa Wilson, Nairobi, zaidi ya dola 150, ndiyo kiwanja cha Njia Panda kilivyokwenda na ndiyo mkopo wangu wa SACCOS ulivyokuja, nao ulikatwa kwenye mshahara wangu miaka sita. Masaa 200 yanakupa leseni, kazi hayakupi. Kampuni kubwa wanataka maelfu. Kwa hiyo unakwenda kwa wenye ndege ndogo, na wao wanajua hasa unachotafuta. Ukakaa kiti cha kulia miezi minane bila mshahara, chakula cha mchana tu, unajaza masaa kwenye kitabu chako. "Masaa ndiyo mshahara, dada." Nikacheka. Nilidhani ni misemo yenu.

Walipokuajiri ukasaini bondi ya miaka mitatu kwa sababu ya mafunzo ya kurusha ndege ya Caravan. Ukiondoka kabla, unadaiwa wewe. Mshahara wa msingi mdogo, kisha posho kwa kila saa unayoruka. Julai hadi Oktoba, nyumbu wakivuka mto Mara, unapelekwa Kogatende kule Serengeti na kurudi mpaka unasahau siku. Masika watalii hakuna, kambi zinafungwa, ndege imekaa, na posho imekaa. Na vipimo vya daktari wa marubani kila mwaka ni juu yako.

Kikao chetu kilikuwa Aprili. Mwezi ule, nimekuja kujua, ulipata laki saba na kitu. Nilitafuta salari slipu yangu ya Aprili. Mwalimu wa Sinza nilikuwa nakuzidi.

Ulinisimulia pia ile ndege ya Buffalo, Marekani, Februari 2009, waliokufa 50. Rubani msaidizi alikuwa binti wa miaka 24, anaishi kwa wazazi wake karibu na Seattle, kazi yake iko Newark, upande wa pili wa nchi, na usiku wa kuamkia safari aliusafiri kwa ndege ya mizigo. Ajali ndiyo iliyowafanya watu waulize analipwa shilingi ngapi. Ukasema baadaye wakaweka sheria ya masaa 1,500 kwa marubani wasaidizi wa mashirika yao, marubani wakawa haba, mishahara ikapanda. Huku sisi wa 200 tunapanga foleni. Na wewe ulikuwa na miaka 24, unalala chumba changu cha uani. Nilisikia habari ya Marekani tu.

Sasa nikushauri, maana ndiyo kazi yangu. Bondi ikiisha usisaini nyingine usiku huohuo walipokuletea. Isome, nipigie, nina rafiki mwanasheria. Usiruke ukiwa na usingizi kwa sababu ya posho. Na ukiwa huna, sema huna. Sema kwa sauti, usikae ufungue soda kwa meno. Ungesema siku ile, "Dada, mimi silipwi hivyo," ningesimama nawe mbele ya kamati nzima. Ningesimama. Nilikwambia mapema uchukue uhasibu, wewe na Baba mkaniona nina wivu, nikanyamaza, nikakopa. Mtu aliyekatwa mshahara miaka sita ana haki ya kutegemea kidogo. Kidogo tu. Usinifanye mimi ndiye niliyeuza kile kitu.

Nimeulizia bei. Kama ile mpya sasa inapita milioni mbili na nusu. Sina. Nimeanza mchezo na walimu wenzangu, zamu yangu ni ya tisa.

Krismasi najua huji, ndege zinajaa. Nimeacha kusema unatukimbia. Wakisema kule nyumbani Kibosho nitawajibu. Lakini masika yakianza na kambi zikifungwa, njoo. Mpangaji wa chumba cha uani alihama, godoro lako lipo. Nauli nitatuma mimi, na sitaki kusikia habari ya kurudisha.

Hotipoti yangu uje nayo. Ile ya maua, siyo ya mkopo ile.

Dada yako