Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tumeni wakaguzi saa nane za usiku

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni nesi wa ICU ya moyo hapa Nairobi. Nimetoka zamu sasa hivi, hata viatu sijavua.

Ukizuru hospitali utaonyeshwa thieta. Ni nzuri, sina ubishi. Lakini mgonjwa wa baipasi (upasuaji wa kuupa moyo njia mpya za damu) mwenye sukari, figo zilizochoka na moyo unaosukuma nje chini ya asilimia 30 ya damu iliyomo kila unapopiga anaweza kutoka thieta salama, halafu akabadilika usiku, kitandani.

Nikueleze jambo moja tu. Kifuani huachwa mirija ya kutoa damu, nami kila saa nasoma chupa na kuandika mililita. Zikipita 200, na saa inayofuata vivyo hivyo, tunajua anavuja, tunampigia daktari. La kuogopwa zaidi ni damu kukatika ghafla. Asiyejua hufurahi, kumbe mrija umeziba na damu inajaa kuuzunguka moyo, inaubana. Presha inashuka, mishipa ya shingo inatuna. Moyo ukisimama na shoti za umeme zisifue dafu, mwongozo wa Ulaya wa 2009 unataka kifua kifunguliwe tena ndani ya dakika 5, papo hapo kitandani.

Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, usiku kama huo daktari bingwa alikuwa kwake Syokimau, nje ya jiji. Hata Expressway ikiwa tupu, dakika 5 hazimfikishi. Trei ya vifaa vya kufungulia kifua ilikuwa stoo, na mwenye funguo ameshaenda nyumbani. Asubuhi mke wa mgonjwa wetu, mzee mmoja, aliniuliza kama ameanza kukojoa vizuri, maana jana yake nilimwambia ndicho tunachosubiri. Sikujua nianzie wapi.

Wala si lazima bingwa alale wodini. Nyuzi za chuma zinazofunga mfupa wa kifua baada ya upasuaji zaweza kukatwa na daktari yeyote wa zamu aliyefundishwa na kufanya mazoezi. Gharama yake haikaribii ile ya thieta mpya.

Kabla hamjaipa hospitali leseni ya kupasua wagonjwa wa hatari hii, wakaguzi waje saa nane za usiku. Waulize trei iko wapi, nani zamuni anaweza kufungua kifua, na mashine ya puto ya kuusaidia moyo dhaifu iko huru au imeshikwa na mgonjwa mwingine. Wasipige simu kwanza. Mlango wa ICU tutawafungulia sisi wenyewe.

Nesi wa zamu ya usiku,
Nairobi