Baba mkwe tumemzika, kituoni bado anatafutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nina steshenari karibu na stendi kuu ya Moshi: printa mbili, mashine ya kutoa kopi na benchi la wateja. Kazi yangu ya kila siku ni barua za kuomba kazi, fomu za shule na ratiba za mazishi. Lakini tangu nifungue mwaka 2014 kuna kazi nyingine ambayo sikuwahi kuiandika kwenye kibao cha nje, nayo ni matangazo ya AMEPOTEA. Mtu anaingia na picha kwenye simu, anaegemea kaunta, ananitajia jina, umri, nguo alizovaa, alionekana wapi mara ya mwisho, apigiwe nani. Wengine wanafika kwenye rangi ya viatu sauti inakatika. Natoa nakala ishirini au thelathini, wananunua na gundi, wanakwenda kubandika kwenye nguzo.

Matangazo hayo sijayafuta hata moja. Yako kwenye folda yake kwenye kompyuta. Kwa hiyo mlipoandika hivi karibuni kwamba kuna "wimbi" la watu kupotea, niliisoma habari ile mpaka mwisho nikitafuta idadi. Nikakuta mama mmoja analia na msemaji mmoja anawataka wananchi waache kuzusha. Mhariri, hata wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu wakirudi na habari ya wimbi huulizwa lilikuwa kubwa kiasi gani.

Nianze na la nyumbani kwangu. Baba mkwe wangu alikuwa mkulima wa kahawa kule Kibosho, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa anapima kahawa za wenzake kwenye chama cha msingi. Kumbukumbu ilipoanza kumtoka, alisahau majina yetu kabla hajasahau kahawa. Asubuhi moja ya mwaka 2017 akaaga kwamba anawahi mizani kabla gari la KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, halijafika. Tulicheka, maana msimu wenyewe ulikuwa haujaanza. Jioni hakurudi. Mume wangu alikwenda kituoni usiku uleule, askari wa zamu akamwambia mzee atakuwa kwa jamaa zake, arudi saa ishirini na nne zikitimia. Kesho yake ndipo akapewa RB, ile karatasi ya polisi yenye namba ya taarifa. Tangazo nililichapa mwenyewe, na umri wa mzee nikaukosea mara mbili.

Siku ya tatu tukapigiwa simu kutoka Kwa Sadala. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa amemwona mzee tangu alfajiri kwenye foleni ya mizani ya mahindi. Zamu yake ikifika anatoka, anakwenda kusimama tena nyuma ya watu. Hakuwa na mzigo wowote. Tukamrudisha, akaoga, akala mtori, akatuuliza kwa nini tuna nyuso za msibani. Mimi nikamshonea namba ya simu ndani ya koti, upande wa kushoto.

Sasa nani alirudi kituoni kusema mzee amepatikana? Mume wangu alidhani nimekwenda mimi, mimi nilidhani amekwenda shemeji, shemeji naye hakudhani chochote. Mzee alifariki mwaka 2021, tukamzika kihambani kwake. Kwenye daftari la kituo mpaka leo ni mtu aliyepotea.

Ndiyo maana jumla ya waliopotea ikitolewa peke yake, bila safu ya waliopatikana, mimi hainiambii kitu.

Binti yangu anasoma takwimu huko Dar es Salaam. Nilimwuliza wenzetu wanahesabuje, akanitumia kurasa kadhaa, nikazitoa kopi nikawa nazisoma pale benchini umeme ukikatika. Marekani, shirika lao la upelelezi, FBI, lina faili la waliopotea tangu mwaka 1975. Mwaka 2022 ziliingia taarifa 546,568, na kati ya hizo 359,094 zilikuwa za watoto. Ukiishia hapo unafunga duka unakimbilia shuleni kuwachukua wanao. Lakini wao wanahesabu na zilizofungwa. Mwaka ule ulipoisha, zilizobaki wazi, ukijumlisha na za miaka yote ya nyuma, zilikuwa 97,127. Tena kinachohesabiwa ni taarifa, si vichwa vya watu. Mtoto akitoroka mara tatu, ni taarifa tatu.

Hilo la mara tatu nalijua bila kufika Marekani. Kuna kijana wa mtaa wa Pasua ambaye yumo mara tatu kwenye folda yangu. Mara ya kwanza alikuwa ndiyo kwanza kamaliza darasa la saba, mama yake akaja na picha ya sare ya shule. Kumbe alikuwa Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, wamemfanya "nyoka", yaani wale vijana wembamba wanaopenya kwenye mashimo ambayo mtu mzima hapiti. Desemba akashuka stendi na viatu vipya, akabandua tangazo lake kwenye nguzo, akaja nalo dukani kunilalamikia: "Dada, umenitoa mweusi sana." Mwaka uliofuata akaondoka tena. Mama alitaka nitumie picha ileile, nibadilishe tarehe tu. Kama kila safari mama alikwenda kituoni, basi huyo mtoto mmoja ni watu watatu waliopotea, na ni watu watatu ambao mpaka mwaka huu hakuna aliyeandikwa amerudi.

Kwenye fomu ya hao Wamarekani kuna sehemu ya kujaza mazingira ya kupotea. Si lazima kuijaza, na nyingi zinaingia sehemu hiyo ikiwa tupu. Mimi ni mtu wa fomu, nakuhakikishia sehemu isiyo ya lazima huachwa. Kwa zile zilizojazwa, zaidi ya tisa katika kila kumi zinasema mtu katoroka. Waliochukuliwa na mtu wasiyemjua hawafiki hata mmoja katika mia. Takwimu hizo zinatuliza moyo, na ni kweli, lakini hapo mimi na binti yangu tukabishana kwenye simu hadi salio likaisha. Yeye anasema kutoroka ni sababu. Mimi nasema kutoroka ni namna ya kuondoka, sababu iko nyuma yake. Msichana anayekimbilia nyumba salama kule Mara mwezi wa Desemba ili asikeketwe, kwa baba yake ni mtoro. Dada wa kazi aliyeruka ukuta usiku na jozi moja ya nguo, kwa mwajiri wake ni mtoro, na kwenye tangazo mwajiri huyo aliniomba niongeze kwamba ana matatizo ya akili. Sikuongeza. Kamwambie fundi mwingine.

Waliofika mbali kwenye sababu ni Wajapani. Polisi wao kila mwaka hutoa jedwali la waliotoweka likiwa limeandikwa kabisa sababu inayodhaniwa: ugonjwa, mambo ya familia, kazi. Mwaka 2023 waliripotiwa watu 90,144, na 19,039 kati yao walikuwa watu wenye maradhi ya kusahau au waliodhaniwa kuwa nayo. Zaidi ya mmoja katika kila watano! Nilipoisoma hiyo nilimwona baba mkwe kwenye foleni ya mizani. Na kwa sababu safu hiyo ipo, watu wakajua wafanye nini. Mji wa Iruma, jirani na Tokyo, tangu mwaka 2016 unawabandika wazee kijikaratasi kwenye ukucha, chenye alama ya kusomwa kwa simu. Ukimkuta mzee hajui aliko, unaelekeza simu kwenye kidole chake unapata pa kupiga. Koti langu la sindano na uzi si mbali na hapo, ila mzee anaweza kulivua.

Hapa kwetu majibu ni mawili tu. Ukienda kaunta ya kituo utaambiwa katoroka, atarudi. Ukienda kwenye grupu la WhatsApp la mtaa utaambiwa katekwa, sambaza kabla ya saa sita usiku. Kijana wa Pasua alikuwa "katekwa" kwenye magrupu matano akiwa chini ya ardhi Mererani. Na wanaotekwa kweli wapo, sitaki mtu asome barua yangu aseme mama wa steshenari anapuuza. Mwandishi Azory Gwanda, mwenzenu katika kazi hii, alitoweka Kibiti Novemba 2017 hajaonekana mpaka leo. Mwaka 2024 Chama cha Wanasheria Tanganyika kilitoa orodha ya watu 83. Sasa wachanganye hao na kijana wa viatu vipya na mzee wa mizani, wote waitwe "waliopotea", halafu ulizia mmoja. Mwenye kutaka kupuuza atakuonyesha watoro waliorudi, atasema mnaona? Na mwenye kutaka kutisha atakutajia jumla yote.

Kuna tangazo moja kwenye folda ambalo nikilifungua nalifunga haraka. Ni la dereva wa bodaboda, mwaka 2018. Alipakia abiria saa mbili usiku pale mzunguko wa YMCA, na tangu hapo si yeye, si pikipiki, si simu. Mkewe alibandika hadi Himo na Mwanga, na namba iliyoandikwa ilikuwa yake yeye. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zikafungiwa. Namba ya NIDA ya huyo mke, yaani ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa haijatoka. Kwa hiyo matangazo yote yaliyobaki kwenye nguzo yakawa yanaelekeza watu kwenye simu isiyopokelewa. Alikuja na kalamu ya wino mzito, nikafunga duka mchana, tukapita nguzo kwa nguzo kuandika namba mpya juu ya ile ya zamani. Mengine mvua ilikwisha kuyala.

Mwaka 2023 akarudi tena. Safari hii alitaka nakala ya tangazo la kwanza, lenye tarehe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtu asiposikika kwa miaka mitano na wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake, huchukuliwa kuwa amefariki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Alihitaji kuonyesha kwamba alimtafuta. Karatasi niliyoitoza shilingi mia ikawa ushahidi. Nilimpa bila malipo, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye pochi. Hakusema kama anataka aolewe tena au anataka kiwanja, na mimi sikumwuliza.

Ninachoomba, Mhariri, hakihitaji wafadhili. Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kitabu cha mwaka cha hali ya uhalifu na matukio ya usalama barabarani, na ajali zinachambuliwa humo hadi chanzo chake, mwendokasi, ulevi, ubovu wa gari. Waliopotea nao wachambuliwe hivyohivyo kwa kila mkoa: wangapi waliripotiwa, wangapi wamerudi wazima, wangapi wameonekana wakiwa wamefariki, wangapi bado, na kwa kila mmoja sababu inayodhaniwa. Iwe sehemu ya lazima kwenye fomu. Kisha karatasi hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, karibu na ratiba ya maji, pale tunaposoma wote. Na hili la kusubiri saa ishirini na nne lifike mwisho, hasa kwa watoto. Marekani walilikataza kwa sheria, kwa watoto, mwaka 1990, na sisi tuna namba ya bure ya mtoto, 116, ambayo haimwambii mtu arudi kesho. Ninyi wenye gazeti, mkiandika tena "wimbi", wekeni namba chini yake, na yule mama mliyempiga picha analia, mwambieni msomaji kama mwanawe alirudi.

Na sisi wenye watu tuna deni letu. Tangu Januari kila anayekuja kuchapa AMEPOTEA namwongezea karatasi ya pili bure, imeandikwa AMEPATIKANA, na nafasi za tarehe, mahali na namba ya RB, nikimwomba aipeleke kituoni siku hiyo ikifika. Waliorudi kuniambia wameipeleka ni wawili. Mmoja wao ni mama wa kijana wa Pasua.

RB ya baba mkwe nimeikuta kwenye Biblia ya mama mkwe, katikati ya Zaburi. Wino umefifia lakini namba inasomeka. Jumatatu nakwenda nayo kituoni, pamoja na cheti cha kifo.

Wako,
Mama wa steshenari,
Njoro, Moshi