MIT si jibu la kila programu yenye jalizi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu programu huria iliwashauri vijana wanaoachia kazi zao waweke leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kutumia, kubadili na kuuza msimbo ilimradi abakishe tangazo la hakimiliki, wasisumbuke na mengine. Kwa maktaba ndogo ya kupanga tarehe au kutuma SMS, ushauri huo hauna ubaya. Kwa programu inayotarajia watu baki waje waiandikie programu jalizi (plugin, nyongeza inayochomekwa kwenye programu mama), umeruka swali lenyewe: jalizi inagusana wapi na programu mama, na ikishagusana hapo, nani anabaki na haki gani?

Tuchukue WordPress, programu ya kujengea tovuti, maana ndiyo inayolisha vijana wengi wa mitandao hapa kwetu. Ilizaliwa mwaka 2003 kutokana na b2/cafelog, programu ya blogu iliyokuwa chini ya GPL, leseni inayotaka kazi itokanayo na msimbo wake isambazwe kwa masharti yaleyale, kwa hiyo hata wenyewe wakitaka leseni nyingine leo, hawana ubavu wa kuibadili. Jalizi yake ya PHP haikai pembeni. WordPress inaipakia ndani yake, zinatumia kumbukumbu moja, na jalizi inaita vitendaji vyake vya add_action na add_filter kana kwamba ni sehemu ya programu. Mwaka 2009 wanasheria wa Software Freedom Law Center walitoa maoni kwamba PHP iliyomo kwenye mandhari (theme) za WordPress inafuata GPL, ila CSS na picha si lazima. Mwaka uliofuata ukazuka mvutano juu ya Thesis, mandhari iliyokuwa ikiuzwa kwa leseni ya kufunga. Haukufika mahakamani, uliishia kwenye mstari uleule, PHP ikawekwa chini ya GPL na CSS na JavaScript zikabaki mali ya muuzaji.

Biashara haikufa kwa hilo. WooCommerce, jalizi ya duka la mtandaoni, ilianza mwaka 2011 kwa kuchukua msimbo wa jalizi nyingine, Jigoshop, jambo ambalo GPL iliruhusu waziwazi. Ila kinachouzwa kilibadilika. Muuzaji wa jalizi ya kulipia hawezi kukuuzia katazo la kunakili. Anakuuzia ufunguo wa masasisho na msaada, kwa kawaida wa mwaka mmoja. Ndiyo maana kuna tovuti zinazouza jalizi zilezile kwa bei ya kutupa, na ilimradi hazichezei alama ya biashara ya mwenyewe, leseni hawajaivunja. Anayeumia ni mnunuzi: tundu la usalama likizibwa kwenye toleo halali, nakala yake inabaki wazi, na hajui kama aliyeiuza kaiongezea kitu chake ndani. Anayetaka kuishi kwa kuuza jalizi za WordPress apige hesabu hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza, si baada ya kukuta kazi yake inauzwa kwa mia tano.

Lakini tusidhani GPL lazima ilete hali hiyo kila mahali. GIMP, programu ya kuhariri picha, iko chini ya GPL toleo la 3, ila jalizi zake huendeshwa kama michakato inayojitegemea na kuzungumza na programu mama kupitia maktaba ya libgimp, ambayo kwa makusudi imewekwa chini ya LGPL, yaani GPL iliyolegezwa kwa ajili ya maktaba. Mwenye jalizi anaweza kufunga msimbo wake. GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, ilikwenda kinyume kabisa. Kwa miaka ilikataa kuwa na jalizi, kwa hofu kwamba watu wangeitumia kama mlango wa nyuma wa kuchomeka msimbo uliofungwa. Ilipozikubali, kwenye toleo la 4.5 mwaka 2010, iliweka sharti: jalizi isiyotangaza alama ya plugin_is_GPL_compatible haipakiwi, kompaila inasimama na kutoa kosa. Leseni ni ya familia moja, lakini jamii mbili za waandishi wa jalizi ni tofauti kabisa, kwa sababu mpaka umechorwa mahali tofauti.

Sasa hiyo MIT. Ni kweli inamwachia mwandishi wa jalizi uhuru wote. Tatizo ni kwamba leseni ya msimbo haifiki kwenye ghala la jalizi. Msimbo wa VS Code, kihariri cha msimbo cha Microsoft, uko chini ya MIT. Programu unayoipakua kutoka Microsoft ina leseni nyingine, na Marketplace, ghala lake la jalizi, ina masharti yanayoruhusu jalizi zitumike na bidhaa za Microsoft peke yake. Wanaojenga VSCodium kutokana na msimbo uleule hawaruhusiwi kuchota humo, wanategemea ghala jingine, Open VSX, linalosimamiwa na Eclipse Foundation. Na baadhi ya jalizi zenyewe, Pylance ya lugha ya Python mojawapo, zimefungwa kwa leseni yake zisitumike kwingine. Mwandishi wa jalizi asiyejua hayo huweka kazi yake Marketplace tu, halafu anashangaa kwa nini watu wa VSCodium hawaioni. Tiba ni rahisi: chapisha sehemu zote mbili, Marketplace kwa zana ya vsce na Open VSX kwa zana ya ovsx, faili lilelile la .vsix.

Terraform, zana ya kampuni ya HashiCorp ya kusanidi seva, ilionyesha jambo hilohilo kwa uchungu zaidi. Agosti 2023 ilihama kutoka MPL 2.0, leseni huria ya Mozilla, kwenda BUSL 1.1, leseni inayowekea mipaka matumizi ya kibiashara, wengine wakajitenga na kuanzisha OpenTofu. Jalizi zake hazikufa, kwa sababu mbili za kiufundi: zinaendeshwa kama michakato tofauti inayowasiliana kwa gRPC (njia ya programu kuzungumziana), na nyingi leseni zake hazikuguswa. Kilichobanwa ni rejista, yaani ghala la jalizi hizo, ambayo masharti yake yalibadilishwa iwe kwa ajili ya Terraform tu, na OpenTofu ikalazimika kujenga ya kwake. Kumbuka pia kwamba mabadiliko hayo yaliwezekana kwa sababu wachangiaji walikuwa wamesaini mkataba unaoipa kampuni haki ya kubadili leseni. Ukiombwa kusaini mkataba wa namna hiyo, soma kifungu hicho kwanza. Mradi unaotumia git commit -s peke yake, yaani saini ya kuthibitisha tu kwamba mchangiaji ana haki ya kutoa msimbo huo, humwachia kila mchangiaji hakimiliki yake; kwa leseni inayobana kama GPL, kubadili kunahitaji ridhaa ya kila mmoja, na hiyo ndiyo dhamana ya mwandishi wa jalizi.

Kwa timu yenye programu inayopakia jalizi ndani yake, na wateja ambao ni hospitali, halmashauri au SACCOS, maoni yetu ni MPL 2.0 bila Kiambatisho B, tamko linalozuia msimbo kuchanganywa na wa GPL. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliotumika Eldoret tangu 2006, unatumia MPL 2.0 ukiongezewa tamko kuhusu huduma za afya. Sharti la MPL linakaa kwenye faili: ukigusa faili la programu mama na kuisambaza, mabadiliko ya faili hilo yawe wazi, moduli uliyoiandika kwenye mafaili yako ni yako, uza au funga. Na msimbo huo bado unaweza kuchanganywa na wa GPL.

Ukiamua GPL, angalia maneno haya: “au toleo la baadaye”. Msimbo ulioandikwa GPL toleo la 2 peke yake hauchanganyiki na maktaba yenye leseni huria ya Apache 2.0, kwa sababu ya vifungu vya hataza (patent), wala hauchanganyiki na GPL toleo la 3. Jalizi yenye maktaba kumi ndani, moja tu ikiwa ya Apache, imekwama. Andika mstari wa kwanza wa kila faili SPDX-License-Identifier: GPL-2.0-or-later, na shida hiyo inaondoka. Weka faili la LICENSE kwenye mzizi wa mradi. Bila hilo, msimbo ulio hadharani GitHub unaruhusu watu kuutazama na kuunakili ndani ya GitHub, basi. Kagua na picha: ghala la mandhari la WordPress.org halipokei picha za Unsplash, kwa sababu tovuti hiyo iliacha CC0, tamko la kuachia haki zote, mwaka 2017 na leseni yake mpya haiendani na GPL.

Halafu andika aya moja kwenye mwongozo wa waandishi wa jalizi, kabla ya kupokea jalizi ya kwanza: violesura vipi mradi unavihesabu kuwa mpaka, jalizi inayovitumia hivyo tu iwe na leseni gani, na ghala lenu litapokea zipi. GPL toleo la 3 inaruhusu kuongeza ruhusa ya ziada ya namna hiyo chini ya kifungu cha 7. Ukisubiri hadi uwe na wachangiaji mia, itakubidi umsake kila mmoja, akiwemo aliyebadili barua pepe miaka mitano iliyopita.

Wasanidi programu,
Arusha