Kwa Nini Dirisha Kubwa Halijapunguza Joto Chumbani Mwako

Lalamiko linalotufikia kila msimu wa joto ni kwamba tumemuuzia mteja madirisha makubwa, na bado chumba hakilaliki. Hivi karibuni mteja mmoja alitamka wazi kwamba tumemdhulumu. Tulikwenda kupima upya, tukakuta dirisha ni lilelile alilotia saini: la kuteleza, upana mita 1.8 na kimo mita 1.2, yaani mita za mraba 2.16. Dirisha la namna hiyo hufunguka nusu tu, kwa kuwa kipande kimoja hujificha nyuma ya kingine, hivyo uwazi hauzidi mita ya mraba 1.08, na ukiondoa fremu na wavu wa mbu, hewa inayopita hupungua zaidi. Tulikuwa tumempa makadirio mawili, la kuteleza na la bawaba, naye akachukua la bei nafuu akisema kioo ni kioo.

Kioo hakipitishi upepo. Dirisha la bawaba hufunguka karibu lote, na kipande chake kikifunguliwa kwa nje hunasa upepo unaopita sambamba na ukuta na kuuingiza ndani, kazi ambayo la kuteleza haliwezi. Ndiyo, tunalitoza zaidi. Kila kipande kinahitaji bawaba zinazohimili uzito wake, kitasa, na mpira wa kuzuia mvua pande zote nne, na fremu ikipinda milimita chache tu halifungi. Anayedhani bei hiyo imepandishwa bure anakaribishwa karakanani aone muda ambao fundi hutumia kwenye kona moja.

Hata hivyo, bawaba nazo hazifui dafu iwapo hewa iliyoingia haina pa kutokea. Mwenye nyumba mmoja, ili kupunguza gharama, alifuta dirisha dogo la ukuta wa nyuma na kupanua la mbele. Upepo husukuma ukuta unaoukabili na kuvuta ule wa upande wa pili, kwa hiyo tundu la nyuma ndilo linaloifanya hewa ipite chumbani. Kwa kanuni ya makadirio, chumba chenye dirisha upande mmoja hupata hewa vizuri hadi kina cha takribani mara mbili na nusu ya kimo cha dari, ilhali chenye madirisha pande mbili zinazokabiliana hufika karibu mara tano. Mwenye nyumba huyo alituita baadaye tubomoe ukuta, tumwage lenta (boriti ya zege juu ya dirisha), tupige lipu upya na kurudisha rangi, na alicholipa kilizidi kwa mbali bei ya dirisha alilofuta. Safari hii tuliliweka juu, karibu na dari, kwa sababu hewa ya moto hupanda na kutoka hata siku isiyo na upepo.

Njia nyingine ya mkato ni kuomba kioo cheusi upande wa magharibi. Kioo hicho hupunguza mwanga, lakini hunyonya joto na chenyewe kuwa cha moto, kisha hulimwaga sehemu yake ndani. Pazia nalo huzuia jua lililokwisha kuingia. Kivuli kiwe nje. Ukingo juu ya dirisha hutosha jua likiwa juu, bali la alasiri huja chini chini, hivyo linahitaji luva (vibamba vilivyopangwa kwa kuinama) au shata (milango ya kufunika dirisha) za nje.

Palipo na joto kavu, fungeni mchana na kufungua usiku. Palipo na unyevu, acheni upepo upite mchana kutwa: mwendo wa mita 1 kwa sekunde huufanya mwili uhisi nafuu ya nyuzi takribani 3, ingawa kipimajoto hakisogei. Ndiyo maana katika vyumba vya kulala tunapendekeza ukingo wa chini wa dirisha uwe usawa wa kitanda, ili upepo umpitie aliyelala.

Tangu malalamiko haya yazidi, kila makadirio yetu yana safu mbili, ukubwa wa kioo na ukubwa wa uwazi. Unapokuja, leta ramani iliyoonyesha kaskazini na upande unakotoka upepo, na tafadhali usome safu ya pili kabla ya kutia saini.