Mjomba, kabla hujanunua mche, chimba shimo ulijaze maji

Shikamoo Mjomba,

Umeuliza upande mti gani kwenye lile eneo la Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, mti ambao wewe hutauona ukifikia ukubwa wake lakini vitukuu watakaa kivulini mwake. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu siku hizi wengi wananunua ekari moja moja, kuanzia Chanika hadi Kigamboni, wakiwa na nia hiyohiyo, na wengi wanapoteza mche kabla haujamaliza mwaka wa pili. Miti ya aina hii ni nadra kufa kwa uzee. Inaponzwa na mahali ilipopandwa, au na miaka yake mitatu ya mwanzo.

Tuanze na mahali, maana hapo ukikosea hakuna kurekebisha. Ekari yako ni hatua 70 kwa 70. Leo ina mihogo na nyasi, lakini mji unavyokuja tunauona: ipo siku warithi watagawana, na vipande vitakuwa vya mita 20 kwa 20. Mti utakaojikuta katikati ya kipande kama hicho utakatwa kwanza, kwa sababu nyumba haina pa kukaa. Hata ukiupenda namna gani leo, mjukuu mwenye ramani ya fundi mkononi hatauonea huruma. Kwa hiyo chukua karatasi, chora njia ya ndani ambayo magari yatapita siku hizo, kisha weka mti kando ya njia hiyo, au kwenye kona mtakayokubaliana kuwa ni ya familia nzima na haigawanywi. Uandike kwenye wosia, pamoja na aina yake na mwaka uliopandwa.

Usiupande mpakani. Mti wa mpakani una wenyewe wawili, na ugomvi wa matawi na majani huishia kwenye shoka. Usiupande chini ya nyaya za umeme wala pale zitakapopita, kwa kuwa wakataji watakuja kuukata kichwa kila mara na hautapata umbo tena. Na kama eneo linagusa barabara kuu au ya mkoa, kumbuka kwamba tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mti uliomo ndani ya mita hizo si wako. Kutoka kwenye jengo lolote, kisima au shimo la choo, mkwaju na mkongo wape mita 10, mbuyu 15, mvule 20.

Sasa udongo. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini, jaza maji, yaache yanywee, jaza tena. Kesho yake asubuhi ukikuta maji bado yamo, mbuyu usahau, au tafuta sehemu iliyoinuka. Mibuyu unayoiona Oysterbay na Masaki imesimama kwenye mchanga na mawe ya matumbawe, pasipotuama maji. Mche wa mbuyu una mzizi mkuu mnene uliojaa maji, na ukikaa kwenye tope majuma mawili ya masika unaoza kuanzia chini huku juu bado ni kijani.

Kwa Chanika, chaguo langu la kwanza ni mkongo, ambao pwani wengine wanauita mbambakofi. Ni mti wa misitu yetu hii ya pwani, unastahimili mchanga na kiangazi, na mbegu yake huwezi kuikosea: nyeusi, inang'aa, ina kofia nyekundu ya rangi ya chungwa. Ondoa hiyo kofia, kisha sugua gamba kwa tupa au kwenye sakafu ya saruji, upande ulio mbali na pale kofia ilipokuwa, maana ndiko kusikotoka mzizi. Acha kusugua mara tu uonapo weupe wa ndani. Loweka usiku kucha, panda kwenye kiriba kirefu, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, na kitalu ukiwekee wavu, kwa kuwa panya wanazifukua. Mzizi wake mkuu unakimbia chini haraka sana. Mche uliozeeka kwenye kiriba kifupi una mzizi uliojikunja, na hautakuwa mti mkubwa hata uumwagilie vipi.

Mkwaju unafuata. Unakua polepole, mizizi inakwenda chini sana, na matawi yake hayavunjiki ovyo kwa upepo. Mbegu loweka siku nzima. Nyingi zinachomoza ndani ya juma moja au mawili. Ukitaka mwembe, usichukue mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine. Huo ni wa kuzaa mapema na kubaki mdogo. Mwembe wa kudumu unatoka kwenye kokwa, tena kokwa mbichi iliyopandwa ndani ya siku chache baada ya embe kuliwa, kwani ikikauka inakufa.

Mbuyu najua ndio uliokuwa moyoni mwako, na ni haki yako. Mbuyu wa Panke kule Zimbabwe ulipopimwa kwa radiokaboni ulikutwa na umri wa karibu miaka 2,450, kabla mashina yake hayajaanguka mwaka 2010 na 2011. Mbegu zake osha unga wote, zimwagie maji yaliyotoka kuchemka, ziache humo mpaka kesho yake. Halafu kuna mambo mawili yanayoua mibuyu midogo mingi, na yote yanatokana na kutoujua mmea. La kwanza, mbuyu mchanga hauna yale majani yanayofanana na vidole vya mkono. Jani lake ni moja, la kawaida, na kijana wa kulima akipita na jembe anadhani ni gugu. Chomeka vijiti vinne kuuzunguka na umwonyeshe. La pili, kiangazi unapukutisha majani yote na kubaki kijiti. Watu wanaung'oa wakidhani umekufa, au wanazidisha maji mpaka unaoza. Kwaruza gome kwa ukucha: chini yake kukiwa na kijani, mti u hai, uache upumzike.

Mvule ni mti mkubwa kweli, lakini una masharti. Mbegu zake zinapoteza uhai upesi, na miche inashambuliwa na kidudu kidogo sana kinachofanya vivimbe kwenye majani na vikonyo, vivimbe vikipasuka ncha inaoza. Anayeupanda juani peke yake huupoteza. Uchomeke kwenye kivuli chepesi, katikati ya miti mingine, usiwe na mivule mingi pamoja. Msufi na mkrismasi wa maua mekundu sikushauri karibu na watu. Matawi yao yanakatika.

Kupanda, subiri masika yashike. Mvua ya kwanza ya Machi inadanganya. Panda udongo unapokuwa umelowa mpaka sentimita 30 chini, mara nyingi ni mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili. Vuli si ya kutegemea, kwa kuwa nyuma yake kuna jua la Januari na Februari. Shimo liwe sentimita 60 kwa 60. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine, na wa juu ndio uuchanganye na ndoo moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuita mchwa. Chana kiriba chote ukitoe. Kuna wanaokata kitako tu, na miaka kumi baadaye plastiki bado imeubana mzizi. Mzizi uliozunguka ukate kwa wembe. Pale shina linapokutana na mizizi pawe sawa na uso wa ardhi, wala si chini yake, maana gome lililofukiwa linaoza taratibu.

Mche ufunge kwenye kijiti cha kuegemea kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kwa kulegeza, ukiupitisha kama namba 8. Shina linaloyumba kidogo linanenepa. Baada ya mwaka mmoja fungua, la sivyo mpira utazama kwenye gome na kuunyonga mti.

Kiangazi cha kwanza, kuanzia Juni, mpe kila mche ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, ukimimina taratibu. Kikombe kila jioni kinalea mizizi ya juujuu, na hiyo ndiyo inayokufa kwanza. Mwaka wa pili mara moja kwa wiki, wa tatu mara moja kwa wiki mbili. Mbuyu uliopukutisha majani, usiupe maji ila kidogo sana. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 10, yakiwa mbali na shina kwa upana wa kiganja, ili mchwa wasipate daraja. Mwambie anayefagia uwanja aishie kwenye ukingo wa matandazo, na takataka zisichomwe karibu. Gome likishaungua upande mmoja, kidonda hicho mti unabaki nacho.

Uzio dhidi ya mbuzi usiondolewe mpaka ncha ipite urefu wa mtu.

Mwaka wa pili au wa tatu angalia kama kuna vichwa viwili vinavyolingana. Chagua kimoja. Ukiviacha, miaka arobaini baadaye vitapasuka pale vilipokutana, usiku wa upepo, na mti mzima utagawanyika. Tawi zito usilikate kwa panga wala kwa mkato mmoja. Msumeno uanzie chini, sentimita 30 kutoka kwenye shina, theluthi ya unene. Kisha ukate kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchuna gome. Kisiki kilichobaki kikate nje ya ule mkunjo uliovimba kwenye shingo ya tawi. Mkunjo huo usiuguse, ndio unaofunga kidonda. Rangi haihitajiki. Wala usiruhusu mtu apigilie bango kwa msumari.

Mbao za mvule na mkongo hazisafirishwi bila hati ya mazao ya misitu, hata ziwe zimetoka kwako. Picha za mche zenye tarehe zitunzwe pamoja na karatasi za kiwanja, siku moja mtu atazihitaji.

Shimo la maji lichimbe mwezi huu, kabla ya vuli, na unitumie picha jioni na nyingine asubuhi yake. Yakinywea, nikutafutie mbegu za mkongo na za mbuyu, tuzisie Novemba ili miche iwe tayari masika. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mpwa wako