Makaa ya mjini na mwani wa shangazi

Mhariri,

Kila asubuhi gari zinazotoka shamba huingia mjini zimebeba mapolo ya makaa, na moja katika mapolo hayo huishia kwenye seredani yangu hapa Jang'ombe. Kwa miaka mingi sikujiuliza yanatoka kwa nani. Nimejua nilipokwenda msibani kwetu, ufukweni mwa Ghuba ya Chwaka, nikamkuta shangazi yangu anafukia tanuri.

Shangazi hakuwa mchoma makaa. Alikuwa mkulima wa mwani tangu kilimo hicho kilipoanza visiwani mwaka 1989, na kwa mwani alisomesha watoto na kuezeka bati. Kisha maji ya pwani yakazidi joto. Kotonii, mwani wenye bei, ukawa unaoza kambani kabla ya kuvunwa. Spinosamu, aina nyengine ya mwani iliyobaki, hailipi hata uchovu wa mgongo. "Mwani hauna kitu tena, mwanangu," aliniambia. "Makaa mji unayataka kila siku." Sehemu ya kuni zile ilikuwa mikoko.

Naomba wapangaji wetu wakae na jambo hili kidogo. Moshi wa dunia umepasha bahari, bahari imeua mwani, na aliyepoteza mwani anakata mikoko, ambayo matope yake hufukia kaboni nyingi kuliko misitu mingi ya nchi kavu. Mnunuzi ni mimi wa mjini.

Mei 2024 nchi yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya watumiaji ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Umeme wetu unavuka bahari kutoka Bara, na sasa Bara kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 zinazotokana na maji. Kupika kwa umeme kuna maana kuliko zamani. Ila kila mkutano niliohudhuria mtaani kwetu ulizungumzia jiko la mjini tu: mtungi wa gesi, jiko la umeme, bei. Sikusikia mtu akiuliza mchoma makaa atakula nini. Mji ukiyaacha makaa bila yeye kupewa kazi nyengine, bei ya polo itashuka, naye atachoma mapolo matatu apate alichokuwa akipata kwa moja. Hapo tutakuwa tumesafisha jiko na kumaliza mikoko.

Kufanya vyengine tunaweza, maana tumeshafanya. Jozani, sehemu ya kiingilio cha watalii hurudi kwenye vijiji vilivyouzunguka msitu, na wanavijiji hao wana sababu ya kuulinda. Mgeni anatokea hotelini, fedha inafika shehiani, mti unabaki. Ninachoomba ni kwamba mpango wa kuwapa watu wa mjini nafuu ya gesi na umeme uwe na fungu la shehia zinazochoma makaa, limo humohumo kwenye bajeti hiyo. Likiachwa kwa idara nyengine na mwaka mwengine, halitofika.

Na fungu hilo lina pa kwenda. Kotonii bado unakubali kwenye maji ya kina, yasiyopata moto kama ya ufukweni. Lakini huko kunataka boti, na kunataka mtu ajue kuogelea. Serikali imeshagawa boti kwa wakulima wa mwani katika mpango wa uchumi wa buluu. Basi ugawaji ujao uangalie pia tanuri ziliko, na kila boti ije na mtu wa kuwafundisha kina mama kuogelea. Shangazi ana miaka hamsini na nane. Nilimuuliza kama angejifunza, akajibu kwamba angeanza hata jioni ileile.

Mkaazi wa Jang'ombe,
Unguja